TANGA SI SHAMBA LA BIBI

MSOMAJI, mpaka lini Tanga itakuwa kitalu cha kuoteshea miche ya wengine? Kijana wa Kigombe anayepiga kandanda ufukweni, kati ya mkonge na bahari, anaota jezi ya Coastal Union. Akishaivaa na kung'ara, vigogo wa Dar es Salaam wanakuja na mabulungutu yao.

Mifano ipo. Mwaka 2020 beki Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga. Julai 2022 Abdul Suleiman 'Sopu' aliifungia Coastal mabao yote 3 katika fainali ya Kombe la Shirikisho, sare ya 3-3 ambayo Yanga waliishinda kwa penalti. Mwaka huohuo akahamia Azam. Vijana hawa hatuwalaumu. Mpira ni kazi ya miaka michache, na tumbo halina likizo. Tunaulaumu utaratibu.

Coastal walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988. Tangu hapo kombe halijarudi Mkwakwani. Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2024/25 Simba wamelibeba mara 4 mfululizo, kisha Yanga mara 4. Hiyo ni ligi, au ni zamu ya watu wawili?

Wenzetu wa Australia, katika raga ya wachezaji 13, waliweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila klabu mwaka 1990. Wala si sheria ya makaratasi. Mwaka 2010 Melbourne Storm walikutwa na vitabu viwili vya hesabu, wakapokonywa ubingwa wa 2007 na 2009.

Watasema kikomo kitawadhoofisha Simba na Yanga mbele ya Waarabu. Haya, anayetaka kuvuka na avuke. Ila kila shilingi anayozidisha, alipe nyingine kwenye mfuko wa klabu zinazolea vijana. Na pawepo kima cha chini, mchezaji asigeuzwe kibarua.

Fedha ya kuanzia ipo. Mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuwagusa wakubwa.

Msomaji, kiingilio unalipa wewe. Waulize viongozi wa klabu yako: safari hii mmemuuza nani, kwa bei gani, na fedha iko wapi?