Trekta la kuwasha taa lataka maarifa

Kila msimu wa mavuno, katika mashamba ya Kwanza kule Trans Nzoia, trekta huonekana limesimama tuli huku shafti yake ya nyuma ikizungusha mashine ya kupukuchulia mahindi. Mtoto wa huko huijua sauti hiyo tangu utotoni. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kuwaza kwamba shafti iyo hiyo, ikiunganishwa na jenereta, yaweza kuwasha taa nyumbani, kupoza maziwa na kuendesha pampu ya maji wakati umeme wa Kenya Power umekatika. Jambo hili linawezekana, na mahali pengi lafaa. Lakini litakuwa la heri iwapo tu maarifa yake yatamfikia mwendeshaji katika lugha anayoielewa.

Haja ya umeme wa akiba haihitaji kutetewa sana. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani, na hata katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jenereta mojawapo ya akiba ilikataa kuwaka. Mwezi Novemba na Desemba mwaka uo huo giza lilirudi tena. Wahenga walisema akiba haiozi. Jenereta ile ilitufunza kwamba akiba iliyosahauliwa huoza. Hapo ndipo ubora wa trekta unapoonekana. Injini inayolima, inayovuta tela na kupukuchua mahindi ina mwenyewe anayeikagua mafuta na betri kila mara. Mkulima aliye nayo hahitaji kununua injini ya pili ili ilale ghalani ikingoja dhiki.

Utaratibu wake si wa miujiza. Shafti ya trekta aghalabu huzunguka mara 540 kwa dakika. Jenereta nyingi za aina hii hutakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika ili zitoe umeme wa hezi 50, kama ule tuupatao katika nyaya za taifa. Kwa hiyo pana haja ya gia au mkanda wa kuongeza kasi takriban mara 2.8. Kapi la jenereta likiwa na kipenyo cha sentimita 10, basi lile la upande wa trekta liwe na sentimita 28 hivi. Kwa kadirio la mafundi, kila kilowati moja yahitaji nguvu za farasi 2 za injini. Trekta dogo la nguvu za farasi 20, basi, laweza kuendesha jenereta ya kilowati 10. Hizo zatosha taa, jokofu na pampu ya nyumba kubwa, na huenda zikabaki.

Patakuwepo wasemao kwamba huku ni kuchoma dizeli bure. Kwa kiasi fulani wasema kweli. Mwenye balbu tatu na redio asiwashe trekta. Paneli ndogo ya sola yamtosha. Lakini mfugaji mwenye maziwa ya jioni yaliyo karibu kuganda, au mkulima ambaye mahindi yake hayapokelewi na Halmashauri ya Nafaka na Mazao hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, naye ana kikaushio kisichoendeka bila umeme, hesabu yake ni tofauti. Shule ya bweni yenye trekta la shamba na watahiniwa wanaojiandaa kwa mtihani nayo ina hesabu yake. Kwa hawa, lita chache za dizeli ni gharama ndogo kuliko hasara wanayoiepuka.

Lililo zito zaidi ni hatari. Ya kwanza ni shafti yenyewe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa kila sekunde. Pindo la leso au mkono wa koti ukinaswa, mtu hana muda hata wa kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko isiwashwe kamwe. Ya pili ni moshi, ambao una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; trekta lisimame nje, mbali na madirisha. Ya tatu huzuka pale mwendeshaji anapopunguza mafuta ili aokoe dizeli. Mizunguko ikishuka kwa asilimia 10, umeme nao hushuka kutoka hezi 50 hadi 45, na mota ya jokofu yaweza kuungua.

Ya nne ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa kuwa humuua mtu asiyekuwepo. Baadhi ya watu huunganisha jenereta na nyaya za nyumba bila kwanza kuitenga nyumba na laini ya taifa. Umeme huo hutoka nje, huifikia transfoma, na transfoma ile inayoteremsha volti 11,000 kuwa 240 hugeuka ikafanya kinyume chake. Maili kadhaa kutoka hapo fundi yuko juu ya mlingoti, ameshika waya anaoamini umekufa. Kinga yake ni swichi ya kubadili njia, ambayo mafundi huiita chenjiova: ikifungulia jenereta, huifunga laini ya taifa, wala haiwezi kufungulia zote mbili kwa pamoja. Nayo ifungwe na fundi mwenye leseni.

Sasa na tuulize: maonyo haya yote yameandikwa wapi? Yamo vitabuni mwa mashine, kwa Kiingereza, na vibandikoni vilivyokwisha kufutika kwa jua na matope. Katika Kwanza, mwenye trekta aweza kuwa Mbukusu, dereva wake Mpokot na fundi wa umeme Mnandi. Lugha inayowakutanisha watatu hao kando ya mashine ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini onyo la kumwokoa fundi mlingotini bado hatujaliandika kwa lugha hiyo.

Wala tusisingizie uhaba wa maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Mafundi wa Kitale nao wana shafti, gia, mkanda na swichi, wala hawakungoja ruhusa ya wataalamu. Hata tusemapo kwamba stima imepotea, twatumia neno lililokuwa jina la meli ya mvuke kabla halijawa jina la umeme. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu kwamba nyuma ya taa pana mtambo unaofanya kazi.

Walimu wenzangu, kazi hii ni yetu. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili katika shule moja waweza kushirikiana kwa juma moja tu. Wanafunzi wapime makapi, wakokotoe mizunguko, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu maagizo ya hatua kwa hatua: nini kitangulie, nini kisiguswe, na swichi igeuzwe lini. Maagizo hayo yasomwe na dereva wa trekta la shule. Asipoyaelewa, yaandikwe upya. Mtaala wa Umilisi hudai kwamba mwanafunzi aonyeshe analoweza kutenda. Sijui jaribio bora kuliko hili la insha ambayo msomaji wake aweza kufa ikiwa imeandikwa vibaya.

Nanyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba sayansi ina lugha moja. Ukiweza kumweleza baba yako, kwa maneno anayoyajua, kwa nini asichomeke jenereta ukutani, utakuwa umeielewa fizikia, na pengine utakuwa umemrudisha fundi mmoja kwa watoto wake.