MVUA YA NDOO NA MABOMBA: KIINIMACHO KINGINE!

Kijana wa Makorora, kaa chonjo! Siku bomba la nyumbani litakapokoroma hewa tupu, atakuja mtu kijiweni, akukute na kahawa yako, akwambie anao mtambo wa kuleta mvua. Mabomba sita ya shaba, ndoo, gundi iliyoganda yenye vipande vya chuma, na mawe ya kioo. Elekeza juu, mawingu yaje!

Mtambo huo una ukoo. Miaka ya 1950 huko Marekani, daktari Wilhelm Reich alielekeza mabomba angani akidai anavuta nguvu iletayo mvua. Alifia gerezani mwaka 1957, kwa kukaidi amri ya mahakama juu ya masanduku yake ya tiba. Wafuasi wake wakabuni hiyo ndoo, na wapo walioitembeza hadi Afrika Kusini. Hakuna kipimo kilichothibitisha kwamba imeleta hata tone moja. Usitoe senti yako!

Lakini, ndugu yangu, usiwacheke wenye ndoo ukawasahau wenye mashangingi. Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye ukame na mgawo wa umeme. Waziri Mkuu wa siku hizo, Edward Lowassa, akatuletea habari za mvua ya kutengeneza kutoka Thailand. Utasema, mbona mwaka 2015 aligombea urais kupitia upinzani? Ndiyo, na tunasema vile vile. Uongo hausafishwi kwa kubadili kadi!

Wathai hawana ndoo. Wana ndege zinazomwaga chumvi na kemikali mawinguni, kazi waliyoianza mwaka 1969. Lakini ndege hiyo inakamua wingu lililopo. Anga likiwa kavu, itakamua nini? Ng'ombe asiye na maziwa hakamuliwi kwa hotuba. Tulichopata mwaka ule ni mkataba wa Richmond, uliomng'oa Waziri Mkuu huyo Februari 2008.

Wazee wa Usambara hawakuchezewa hivyo. Kule Vugha, mtawala wa Kikilindi alihesabiwa kuwa na mvua mkononi mwake. Jua likichoma mashamba, aliulizwa yeye, si mawingu. Imani ile tumeiacha, sawa. Kwa nini tumeacha na kuuliza? Leo kigogo akitamka "ukame", tunainamisha vichwa kama kondoo!

Maji ya Tanga yana njia yake. Misitu ya Amani inalisha mto Zigi. Zigi unajaza bwawa la Mabayani. Mabayani linanywesha mji. Mwenye kufyeka msitu ule na kuchimbua dhahabu kwenye vijito vyake ndiye mfukuza mvua wa kweli, na hana haja ya mabomba ya shaba.

Tena mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani za shilingi bilioni 53.12 ili kuboresha miundombinu ya maji. Hilo ni deni, na deni la maji hulipwa na mnywaji. Basi, kijana, ondoka kijiweni uende kwenye mkutano wa mtaa. Uliza: bomba jipya limelazwa wapi? Limegharimu kiasi gani? Kwetu litafika lini?

Akikuonyesha mbingu, mwonyeshe hesabu. Mvua ni ya Mungu, bomba ni la serikali!