Kwenda Kenya kutoka Handeni na Korogwe: Barabara nzuri, pasipoti kikwazo

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa Korogwe, Mombasa haizidi Dar es Salaam kwa umbali. Hata hivyo, wengi huiona Dar es Salaam kuwa jirani na Mombasa kuwa ughaibuni.

Barabara si kisingizio tena. Anayetoka Handeni huifikia barabara kuu ama kwa kupitia Korogwe, kilomita 65, ama Mkata, kilomita 54, na kote kuna lami. Mkata humwezesha kusubiri mabasi yatokayo Dar es Salaam. Yakiwa yamejaa, itambidi aunganishe magari hadi Segera na Tanga. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65 za lami iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Akishavuka Lunga Lunga, matatu humfikisha Likoni, ambako kivuko humwingiza Mombasa mjini. Anayeendelea Nairobi anaweza kupanda treni ya kisasa iliyoanza mwaka 2017, kituo chake kikiwa Miritini.

Kwa mwenye safari ya Taveta au Voi, njia ya Holili inafaa zaidi, ingawa kutoka Korogwe ni zaidi ya kilomita 200. Kituo cha pamoja cha mpakani hapo kilizinduliwa mwaka 2016.

Reli ingeweza kuwa jibu la tatu. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaiunganisha na ya Kenya kwa kipande cha Voi hadi Kahe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa hadi 1983. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea mwaka 2019, lakini inayempeleka abiria Kenya haikurejea.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni karatasi. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvukiana kwa vitambulisho vya taifa; Tanzania haikujiunga. Mtanzania anahitaji pasipoti, ambayo ada yake ni Sh150,000, au hati ya dharura iliyo nafuu zaidi. Mfanyabiashara wa machungwa wa Handeni anayetaka kwenda kujionea bei Mombasa mara moja kwa msimu atapiga hesabu, ataona nauli si tatizo, kisha ataamua kumsubiri mnunuzi kutoka Kenya amfuate shambani. Na bei atapangiwa na huyo mnunuzi.

Wapo wanaochagua njia za panya. Huko, akikamatwa, hana stakabadhi ya kumtetea wala ofisi ya kulalamikia, na mzigo wake unaweza kupotea wote.