Vijana Wetu Wapate Wanasihi Wanaowaelewa

Lipo jambo ambalo katika visiwa vyetu husemwa kwa sauti ya chini, tena mlango ukiwa umefungwa. Kijana wa skuli aliyekuwa mchangamfu huanza kujitenga. Chakula hakimpiti, usingizi haumjii, masomo yanamshinda, na akiulizwa hujibu neno moja tu: "Nina mawazo." Wazazi huhangaika. Jirani mmoja husema ni jicho, mwengine husema ni pepo wa ukoo, na wa tatu husema ni uvivu ambao dawa yake ni bakora. Miezi hupita, na mara nyingi huwa hakuna hata mtu mmoja aliyekaa kitako na kijana huyo akamsikiliza mpaka mwisho.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu si la nyumba mbili tatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Hesabu hizo ni za dunia nzima, lakini hatuoni sababu ya kudhani kwamba bahari inayotuzunguka inaizuia huzuni isivuke. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 hapa Zanzibar, na atembeaye mitaani kwetu hahitaji kuambiwa kwamba sehemu kubwa yao ni vijana.

Tena sisi tuna misiba yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 iliopolewa, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Mwezi Julai mwaka uliofuata ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Dua zilisomwa misikitini na majumbani, na watu walisaidiana kwa walichonacho. Lakini mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano usiku ule wa Nungwi, akampoteza mama yake, leo ni kijana wa kuoa au kuolewa. Ni wangapi kati yao waliopata mtu wa kuwauliza wanaota nini usiku?

Wapo watakaosema kwamba hospitali ya Kidongo Chekundu ipo, na kazi yake ni hiyo. Ni kweli ipo, na madaktari na wauguzi wake wanastahili heshima zaidi ya wanayoipata. Lakini sote tunajua jina hilo linavyotumika mitaani. Watoto hulitumia kwa kutukanana. Msichana anayetarajia kuposwa hatapita kwenye lango lile mchana kweupe kwa sababu ya huzuni, hata kama huzuni hiyo inamuua. Na kijana wa Micheweni akiambiwa aende huko, hana budi kushuka mpaka bandarini, apande meli, atafute wa kumpokea Unguja, na aeleze kwa kila mtu njiani safari yake ni ya nini. Ugonjwa wa akili uliokomaa unahitaji hospitali. Kijana aliyeelemewa anahitaji kwanza mnasihi, na mnasihi huyo awe karibu naye.

Tukisema mnasihi, hatusemi mtu yeyote mwenye cheti. Mtaalamu aliyetoka mbali, hata awe hodari namna gani, anaweza kukaa na kijana wetu saa nzima na asisikie alichoambiwa. Kijana akisema kifua kinambana na moyo unamwenda mbio, mgeni atampeleka kupimwa kifua. Akisema hawezi kumkatalia baba yake mdogo, mgeni atamwambia akatae tu, kama kwamba muhali ni neno la kuchekesha. Atamshauri ahame nyumbani akaishi peke yake, ushauri ambao kwa msichana wa Makunduchi au Wete ni sawa na kumwambia ahame duniani. Na akisikia kijana amenyweshwa kombe, atakunja uso, na hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Hatudai kwamba kisomo kinatosha. Wala hatukubali kwamba elimu ya kutibu nafsi ni kitu cha kigeni kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na siha ya nafsi, akaeleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi, na akafundisha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na hutibiwa. Hilo neno wasiwasi tunalitumia mpaka leo. Kwa hiyo sheikh anayesoma ruqya na mnasihi aliyesomea saikolojia hawana sababu ya kugombania mgonjwa. Kinachotuudhi ni yule mganga anayemfunga kijana kamba, anayempiga ili pepo atoke, au anayeiambia familia iache dawa za hospitali. Huyo hana hifadhi katika dini wala katika mila, na masheha wanaowajua watu wa namna hiyo katika shehia zao wasinyamaze.

Lakini yafaa tuseme pia upande wa pili, ingawa hautapendeza kila mtu. Mtu kuwa mwenzetu hakumfanyi kuwa mnasihi. Katika kisiwa ambamo kila mtu ni binamu ya mtu, hofu kubwa ya kijana si kwamba hataeleweka, bali ni kwamba ataeleweka mno, na ikifika alasiri habari zake zitakuwa barazani. Tunayo sifa kubwa ya sitara, lakini tunaitumia zaidi kufunika aibu ya ukoo kuliko kulinda siri ya mtoto. Mnasihi anayemsikiliza msichana asubuhi na jioni akampigia simu shangazi yake, hata kwa nia njema, amefanya khiana. Na yule anayefungua mazungumzo kwa makaripio, akageuza kiti cha nasaha kuwa kiti cha hukumu, heri kijana angebaki nyumbani.

Zamani msichana alikuwa na somo wake, mwanamke asiyekuwa mama yake mzazi, ambaye aliweza kumwambia mambo ambayo kwa mama yasingesemeka. Jambo hilo lilikuwa na hekima yake: siri iliwekwa kwa mtu wa karibu lakini si wa ndani ya nyumba. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazee kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wamekaa nao kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya. Bibi hao walitumia neno la Kishona ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, yaani "mawazo" yale yale ya vijana wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Wazo hilo limekwisha kufika Malawi na hata hapa Zanzibar. Kwetu sisi, tungeongeza sharti moja: msikilizaji atoke shehia nyingine.

Kwa wazazi wanaotafuta msaada sasa hivi, tunawasihi wasione haya kumwuliza mnasihi maswali kabla ya kumkabidhi mtoto. Amesomea wapi, na nani anamsimamia? Siri ya kijana ataitunza vipi, na ni hatari gani itakayomlazimu kuivunja? Ikiwa binti anataka mwanamke mwenzake, atapatikana? Kisha wazazi wakubali kutoka nje ya chumba. Ikiwa kijana amekwisha kusema kwamba anataka kufa, maswali hayo yasingoje majibu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Kwa Serikali, ombi letu si la majengo mapya. Hospitali za wilaya zimejengwa miaka hii ya karibuni, na wilaya zetu ni kumi na moja tu. Kila wilaya ipatiwe wanasihi wawili, mwanamme na mwanamke, waliosomeshwa, wenye ajira ya kudumu, na wanaozungumza Kiswahili cha mahali wanapofanya kazi. Wapewe chumba chenye mlango unaofungwa, kisichoandikwa juu yake neno lolote la kumtia mtu aibu, na zamu ya jioni baada ya skuli. Makadirio ya Wizara ya Afya yatakapopelekwa mbele ya Baraza la Wawakilishi, tutatafuta kifungu hicho, na tutawaarifu wasomaji wetu tulichokikuta.