Goti lipimwe kabla halijaisha

Toka Ulaya na Marekani kuna habari nzuri juu ya goti. Waganga wanaweza kutengeneza gegedu kwa kutumia seli za mugonjwa mwenyewe. Sisi wa sendika tunapashwa kuielewa vizuri habari hiyo, juu wenzetu wengi wanafanya kazi wakipiga magoti: mekanisien chini ya kamio, sudere, na wale wa chini ya udongo.

Gegedu ni kile kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, kinachofunika mwisho wa mifupa pale inapokutana. Shida yake ni moja: haina mishipa ya damu. Ngozi ikikatika, damu inasaidia kidonda kufunga. Gegedu ikitoboka, haijiponyeshe, na tundu linaweza kupanuka.

Kazi ya kutumia seli ilianza mwaka 1987 kule Göteborg, nchini Uswidi, na waganga kama Lars Peterson na Mats Brittberg. Mwaka 1994 walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Munganga anakata kipande kidogo sana cha gegedu, mahali pasipobeba uzito mukubwa. Laboratware inazalisha seli zake kwa majuma kadhaa. Siku hizi seli zinapandwa juu ya kitambaa chembamba cha kolajeni ya nguruwe, kitambaa kinakatwa kwa kipimo cha tundu na kubandikwa ndani ya goti. Kimoja cha namna hiyo, MACI, kilikubaliwa Marekani mu Desemba 2016.

Lakini tusidanganyane. Dawa hii ni ya goti lenye tundu, na sehemu ingine ingali muzima. Goti lililosagika lote, hapana. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na kisha opereshoni mutu anafanya mazoezi miezi na miezi.

Sasa tujiulize: mufanyakazi wetu anafika kwa munganga wakati gani? Anafika wakati ngazi imemushinda. Mbele ya hapo alikuwa anameza kinini cha maumivu na kunyamaza, juu anaogopa kuandikwa « inapte » na kurudishwa nyumbani. Woga huo unamaliza magoti kuliko jiwe. Hata kama dawa ya Göteborg ingekuwa hapa bure, ingemukuta amechelewa.

Kwa hiyo vita yetu ya kwanza si ya laboratware. Mwaka 2009 Uingereza ilikubali kwamba kusagika kwa goti ni ugonjwa wa kazi kwa watu waliochimba makaa chini ya udongo miaka 10 ao zaidi. Mwaka ule ule Ujerumani iliuandika kwenye liste yake, kwa mutu aliyepiga magoti kazini masaa 13.000 kwa jumla. Pale hapakuhitajika seli wala kolajeni. Palihitajika kuhesabu masaa na kuyaandika.

Kwetu, sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inalinda mufanyakazi juu ya aksida na magonjwa ya kazi. Mulango uko. Tuingie nao mu mazungumzo ya konvansio: visite ya kila mwaka ipime goti pia, si mapafu na masikio tu. Masaa ya kupiga magoti yaandikwe mu dosie ya kila mutu. Anayesema « goti linauma » abadilishwe kazi kwanza, asifukuzwe. Na kinga ya magoti igawanywe kama vile kofia na buti.

Ndugu wafanyakazi, musinyamaze. Madelege, anzeni kuandika. Siku dawa ile itafika Kolwezi ao Lubumbashi, ikute magoti yenye kungali kitu cha kutengeneza.