Rahisi si Feki: Tupime Vipuri Jinsi Tunavyopima Dhahabu

Hapa Tiira dhahabu haiuzwi kwa macho. Mchimbaji akishatoka shimoni, akasaga mawe, akaosha mchanga na kuchoma zebaki, kile kibonge kidogo kinachobaki huwekwa juu ya mizani mbele ya mnunuzi. Pointi moja, yaani sehemu ya kumi ya gramu, inaweza kuleta ugomvi wa nusu saa. Lakini mtu huyo huyo akienda Busia kununua pistoni na ringi za injini ya pampu yake, hapimi kitu. Anatazama boksi, anauliza, "Hii ni jenuini?" Muuzaji anajibu, "Jenuini kabisa." Biashara imekwisha.

Ninaandika kulipinga neno "feki" jinsi tunavyolitumia. Katika gereji zetu, kutoka Busia hadi Tororo, vipuri ni vya aina mbili tu: jenuini na feki. Jenuini ni cha ghali, feki ni cha rahisi. Kikidumu, kilikuwa jenuini. Kikivunjika, kilikuwa feki. Hukumu ya namna hii hutolewa baada ya injini kufa, na haimsaidii mtu yeyote aliyesimama dukani na pesa mkononi.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba lugha ikikosa neno, mawazo nayo huchanganyika. Vipuri ni vya aina tatu, si mbili. Kuna kipuri halisi, kinachouzwa kwa jina la kampuni iliyotengeneza gari. Kuna kipuri mbadala, kilichotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina lake yenyewe, bila kumdanganya mtu. Na kuna kipuri bandia, kilichovishwa jina la mwingine. Hata mpaka kati ya halisi na mbadala si mkubwa kama tunavyodhani. Toyota hawatengenezi kila kitu kilichomo katika injini zao. Plagi, kwa mfano, hutoka kwa makampuni kama Denso na NGK. Kampuni hizo hizo huuza plagi katika maboksi yao wenyewe. Je, plagi hiyo ikikosa boksi la Toyota imekuwa feki?

Ubandia ni uongo wa jina. Ubovu ni upungufu wa kazi. Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina dawa yake. Kipuri mbadala cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi vizuri miaka mingi. Kingine kinaweza kuwa takataka. Bei peke yake haituambii ni kipi.

Mjomba wangu alilijua hilo kwa gharama kubwa. Injini ya pampu iliyokuwa ikivuta maji shimoni ilikwama wiki tatu baada ya kufungwa ringi mpya. Usiku mmoja maji yakajaa. Bahati watu walikuwa wameshapanda juu. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Rahisi ni ghali, mzee." Lakini mjomba hakununua cha rahisi! Alikuwa amelipa bei ya jenuini, na boksi analo mpaka leo. Fundi alipoifungua injini, alikuta ncha za ringi ya juu zinang'aa kwa kusukumana, na ukuta wa silinda umechanwa. Ringi ilikuwa ndefu mno. Ilipopata moto ikatanuka, ikakosa nafasi.

Kosa hilo lingeonekana kwa dakika tano kabla ya kufunga. Ringi hutumbukizwa peke yake ndani ya silinda, husawazishwa kwa kusukumwa na kichwa cha pistoni, kisha mwanya kati ya ncha zake hupimwa kwa geji, vile vibati vyembamba vyenye namba. Mwanya ukiwa mdogo kuliko kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini, ringi haifungwi. Kipimo hiki hakiulizi kama boksi ni la Japani, la India au la China.

Vipimo vingine ni rahisi zaidi. Thamostati ina namba ya nyuzi joto iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88. Itie katika sufuria ya maji juu ya jiko, uone kama inafunguka maji yanapokaribia kuchemka na kujifunga yanapopoa. Badala ya kufanya hivyo, mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini ikibaki baridi hula mafuta zaidi na kulika mapema, kisha tunalaumu vipuri. Na pistoni nne za injini moja zinapaswa kuwa na uzito unaokaribiana sana. Hapa Tiira, mji wa mizani, nani amewahi kuzipima?

Nitaambiwa kwamba kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaona: ugumu wa chuma, ubora wa karatasi ndani ya filta ya oili. Ni kweli, na hapo ndipo wajibu unapohama kutoka kwa maskini kwenda kwa wenye vyombo. Shirika la viwango la taifa lina kazi hiyo kisheria. Chuo Kikuu cha Busitema, kinachofundisha uhandisi, kiko jirani nasi, kando ya barabara ya Jinja kwenda Tororo. Kufungua karakana siku moja kwa wiki ili mafundi walete vipuri vipimwe, na majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, kungefaa kuliko semina kumi za kuwaambia watu wasinunue vya rahisi.

Nitaambiwa pia kwamba dawa ni sheria kali dhidi ya bandia. Tutazame ng'ambo ya mpaka. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda mahakamani, kwa sababu maana ya "bandia" katika sheria ile ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzinasa dawa mbadala za bei nafuu walizozitegemea. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kwamba maana hiyo ilihatarisha haki yao ya kuishi. Neno lililotumika ovyo lingeweza kuua. Injini si mwili wa mtu, lakini boda boda na pampu ya maji ndizo zinazolisha watoto huku kwetu. Tukikamata kila cha rahisi kwa jina la feki, tutamwacha maskini na vipuri vya mtumba ambavyo hakuna ajuaye vimelika kiasi gani.

Walimu wetu, wenzangu wanafunzi, tuache kumhubiria mtu asiye na pesa kwamba anunue cha ghali. Tumpe maneno matatu badala ya mawili, na geji mkononi. Mjomba sasa anayo yake, ametundika ukutani karibu na mizani ya dhahabu. Muuzaji akikataa ringi zake zisipimwe, mjomba huondoka bila kuuliza bei.