Mgonjwa ni Mmoja, Tusimgawe

Mtu akiugua nafsi kwetu pwani, ni nadra kusema kwamba nafsi inamuuma. Husema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi umempotea. Huku Machakos, ninakoandikia haya, mambo ni yayo hayo, ila hunenwa kwa Kikamba. Mwaka 1979 madaktari wawili, Ndetei na Muhangi, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 140 waliokwenda kutibiwa katika kituo cha afya cha mashambani nchini Kenya. Mmoja katika kila watano alikuwa na maradhi ya nafsi, na aghalabu alichokilalamikia ni mwili.

Basi mtu huyo hugawanywa. Daktari huchukua kichwa chake na kukipa vidonge. Mundu mue, yaani mganga wa Kikamba, huchukua ugomvi wake na wazee waliokwisha kufa. Mchungaji, au kwetu sheikh, huchukua roho yake na kuisomea. Wala hapana anayemwuliza mwenziwe amefanya nini.

Wakamba wana ngoma ya kilumi, ipigwayo kwa ajili ya pepo. Sikuja kuisifu; najua wanavyuoni wetu wasemavyo juu ya mambo hayo. Lakini haikatai kwamba mgonjwa pale hakai peke yake: jamaa hukusanyika, gharama huchangwa, na yaliyofichwa nyumbani hutajwa. Hospitali zetu nyingi humwambia jamaa asubiri nje.

Hatua ya maana imechukuliwa jirani tu, Makueni, iliyokatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992. Profesa David Ndetei, yule yule wa 1979, na wenzake wa taasisi aliyoiasisi, Africa Mental Health Foundation, waliwakalisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya. Waliwafunza kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2010: namna ya kuitambua huzuni iliyogeuka maradhi, kuzungumza na mwenye nayo, na kumpeleka hospitali aliyezidiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa wagonjwa walipata nafuu.

Wako watakaosema hiyo ni elimu ya Kizungu. Kweli, George Engel wa Marekani aliandika mwaka 1977 kwamba maradhi yatazamwe kwa mwili, nafsi na jamii pamoja. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika Masalih al-Abdan wal-Anfus, mwili na nafsi katika kitabu kimoja, akiwalaumu matabibu kwa kuiacha nafsi. Aliigawa huzuni mara mbili. Ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kufilisika, dawa yake ni maneno na fikira njema. Ile isiyo sababu aliihesabu kuwa imetoka mwilini, akataka mwili utibiwe. Sijui kwa nini hatukufundishwa hayo chuoni.

Jambo hili si la mabishano ya barazani. Namjua kijana wa mtaani kwetu aliyeachishwa vidonge vya kifafa kwa kuwa ameanza kusomewa. Alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Namjua pia mama aliyekwenda hospitali na hirizi shingoni, akachekwa mbele ya watu. Hakurudi tena, na mwanawe hadi leo amefungwa mnyororo uani. Aliyemwachisha mmoja dawa na aliyemcheka mwengine, kwangu ni sawasawa.

Mombasa tunayo Port Reitz, yenye wodi ya maradhi ya akili. Napendekeza kikao kama cha Makueni kiitishwe hapo, pamoja na masheikh wanaosomea, waganga wa Kimijikenda na wauguzi. Jambo la kwanza la kukubaliana liwe hili: anayesomewa asiachishwe dawa bila ya daktari kujua. La pili, minyororo ifunguliwe. Wala masheikh wasiitwe kuja kufunzwa tu. Nao waulizwe, kwani wagonjwa wengi huanzia kwao.